Tiba mbadala, lakini mbadala wa nini?

"Kuna dawa nyingine yoyote unatumia nyumbani, mama?"

"Hapana, dokta."

Jibu limetoka haraka, na kwa jinsi alivyolielewa swali, mama hajadanganya. Amekuja kwa sababu vipimo vya tezi ya shingo vimegoma kukaa sawa kwa mara ya tatu mfululizo, ingawa vidonge alivyoandikiwa anameza kila asubuhi bila kukosa. Kwenye mkoba aliopakata kuna chupa ya majimaji ya kahawia iliyonywewa hadi nusu, kopo la vidonge vya vitamini na madini alilonunuliwa na mwanawe, pakiti ya majani makavu ya kuchemsha, na kichupa cha mafuta ya kuchua magoti. Kwake hizo si dawa. Ya chupani ni "mitishamba tu", majani ni chai, vidonge ni virutubisho, na mafuta ni mafuta.

Ajabu ni kwamba neno dawa katika Kiswahili halina mipaka. Tuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, na mkorofi naye huambiwa dawa yake iko jikoni. Ila mtu akishaketi mbele ya koti jeupe, neno hilohilo husinyaa na kubaki na maana moja tu: kilichoandikwa kwenye cheti cha daktari.

Mama huyu nimemtunga, lakini jibu lake sikulitunga. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwahoji kwa simu watu wazima 1,539, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Mmoja kati ya watatu alikuwa ametumia walau tiba moja isiyo ya hospitali ndani ya miezi kumi na miwili. Kati ya waliotumia tiba hizo kwa maradhi mazito, asilimia 83 walikuwa wamemwona pia daktari kwa tatizo lilelile. Na asilimia 72 ya waliotumia hawakumwambia daktari wao.

Takwimu hizo mbili za mwisho zisome kwa pamoja. Wengi hawaikimbii hospitali. Wanakwenda huku na huku, na huku hakujui yanayofanyika kule.

Hapo ndipo jina lenyewe, "tiba mbadala", linapoanza kutupotosha. Tumelifanya kapu la kutupia kila kitu: mitishamba, sindano za akupancha, masaji, homeopathi (dawa zilizozimuliwa mno), yoga, taamuli, vitamini za kopo. Lakini mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Gurudumu la akiba ni mbadala, kwa sababu lile la kwanza limeshatolewa. Mama yetu hajatoa kitu. Ameongeza.

Ndiyo maana wanaolishughulikia jambo hili kitaalamu hulitenganisha. Ikitumika pamoja na matibabu ya hospitali, huitwa tiba saidizi. Ikitumika badala yake, ndiyo tiba mbadala kwa maana halisi. Na pale daktari na mtoa tiba nyingine wanapojuana na kupanga pamoja, huitwa tiba jumuishi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza tiba hizi ilianza mwaka 1991 ikiwa ofisi ya tiba mbadala. Mwaka 1998 ikapandishwa hadhi kuwa kituo cha tiba saidizi na mbadala. Mwaka 2014 neno "mbadala" likafutwa kabisa kwenye jina na mahali pake likaingia "jumuishi". Miaka ishirini na kitu ya kubadilisha kibao cha mlangoni inaonyesha kwamba hata wenyewe jina liliwatatiza.

Tofauti hii haikai ndani ya tiba yenyewe. Mwenye saratani ya titi anaweza kukandwa mabega ili apate usingizi baada ya wiki ngumu ya tibakemia. Mwingine mwenye saratani ileile anaweza kukandwa na mtu yuleyule, kwa mafuta yaleyale, akiamini kukandwa huko kutamwepusha na kisu. Wa kwanza anapata tiba saidizi, wa pili tiba mbadala. Ukitaka kujua ipi ni ipi, usiangalie kilichotumika. Angalia kilichoachwa.

Kilichoachwa

Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na daktari Skyler Johnson wa Chuo Kikuu cha Yale ilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 281 waliokuwa na saratani za titi, tezi dume, mapafu au utumbo mpana, saratani ambazo hazijasambaa na zinatibika. Wote walichagua tiba mbadala peke yake. Walipolinganishwa na wenzao waliotibiwa hospitalini, uwezekano wa kufa katika kipindi cha ufuatiliaji ulikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya titi ulizidi mara tano. Kwa utumbo mpana ulizidi mara nne. Tezi dume peke yake haikuonyesha tofauti ya wazi, na sababu inaeleweka: mara nyingi saratani hiyo hutambaa polepole, kiasi kwamba miaka mitano haitoshi kuonyesha nani alikosea.

Hilo halimshangazi mtu. La kushangaza ni uchunguzi wao wa pili, wa mwaka huohuo. Safari hii waliwatazama wagonjwa 258 ambao *walipokea* matibabu ya hospitali, angalau aina moja, na wakaongezea tiba nyingine. Kwa tafsiri yetu, hawa ni watu wa "pamoja na". Hata hivyo hatari yao ya kufa ilikuwa karibu maradufu ya wale ambao hawakuongeza kitu.

Je, mitishamba iliwadhuru? Majibu yalikuwa kwenye jedwali lingine. Upasuaji ulikataliwa na asilimia 7 yao, ikilinganishwa na asilimia 0.1 ya wengine. Tibakemia ilikataliwa na asilimia 34, dhidi ya asilimia 3.2. Mionzi, asilimia 53 dhidi ya 2.3. Watafiti walipoingiza kukataa huko katika hesabu, tofauti ya vifo haikuonekana tena kwa uhakika. Walikuwa wameanza na "pamoja na", kisha kidogo kidogo wakateleza kuingia "badala ya": kwanza mionzi, kwa sababu inachosha, halafu dozi mbili za mwisho za dripu, kwa sababu "najisikia nafuu sasa".

Uchunguzi huo una udhaifu wake, na ni haki kuutaja. Kumbukumbu za hospitali ziliwanasa wachache tu ambao tiba zao za nje ziliandikwa kwenye faili, na huenda ni haohao waliobishana na madaktari hadi jambo likaandikwa. Hauwahusu moja kwa moja anayekunywa tangawizi kutuliza kichefuchefu huku hakosi miadi hata moja. Lakini unaonyesha mlango ambao watu hutokea.

Asili si hoja

Ugomvi wa kawaida huwa ni mmea dhidi ya kidonge, "asili" dhidi ya "kemikali". Ni ugomvi usio na mshindi kwa sababu pande zenyewe hazipo.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kutafuta dawa mpya ya malaria, kwani vimelea vilikuwa vimeshazizoea za zamani. Mwanasayansi Tu Youyou alipewa kazi ya kupekua maandishi ya tiba za kale. Mmea mmoja, qinghao, ulitoa matumaini kisha ukayavunja: leo unaua vimelea kwenye panya, kesho haufanyi kitu. Akarudi vitabuni. Katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 alikuta maelekezo mafupi: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, unywe juisi yake.

Kamua. Hakuna palipoandikwa chemsha.

Wao walikuwa wakitumia moto, na moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa. Tu akabadili njia, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Mwaka 1972 timu yake ilifanikiwa kukitenga kiini chenyewe, artemisinini, ambacho leo ndicho mhimili wa dawa mseto za malaria duniani. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa na watetezi wa mitishamba, nao wana haki. Lakini kina nusu ya pili. Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani ya mmea huohuo itumike kutibu malaria. Kiwango cha artemisinini hutofautiana kutoka shamba hadi shamba na kikombe hadi kikombe. Mgonjwa anaweza kupata kiasi cha kumpa nafuu bila kuvimaliza vimelea, na vimelea vilivyoguswa bila kuuawa ndivyo vinavyojifunza usugu. Mmea ni uleule. Kilichobadilika ni kujua kiasi.

Karibu karne mbili kabla yake, daktari Mwingereza William Withering alisikia habari za bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa akitibu kwa siri watu waliovimba miili kwa maji, hata pale madaktari waliposhindwa. Mchanganyiko wa bibi ulikuwa na majani ya aina ishirini au zaidi. Withering hakumcheka. Aliupembua hadi akaona kwamba kazi inafanywa na mmoja tu, Digitalis. Alitumia miaka kumi kutafuta kipimo sahihi, akachapisha kitabu mwaka 1785, na ndani yake akaandika hata wagonjwa walioharibikiwa. Alilazimika kuwa mwangalifu: kwa mmea huo, umbali kati ya dozi inayousaidia moyo na dozi inayousimamisha ni mfupi mno.

Sasa weka kando ya kisa hicho kingine cha Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza uzito jijini Brussels walianza kuingia hospitalini figo zikiwa zimekufa. Vidonge vyao vya kukondesha vilikuwa vimeongezewa mimea ya Kichina, na mmoja, Stephania tetrandra, kumbe haukuwa wenyewe: mahali pake paliingia Aristolochia fangchi, mmea wenye asidi inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Zaidi ya watu mia moja waliathirika. Wote walikuwa wanameza kitu cha "asili", na kibandiko kilikuwa kimeandikwa vizuri tu.

Wanapokutana mwilini

Hapa pana elimu ambayo ningependa kila anayetumia vyote viwili aijue, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dawa nyingi za kumeza hupita kwenye vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Kazi yake ni kuzivunjavunja ili mwili uzitoe. Kimoja, kinachoitwa CYP3A4, peke yake hushughulikia sehemu kubwa ya dawa zinazotumika leo. Mtengeneza dawa anakijua. Anapoandika "kidonge kimoja mara mbili kwa siku", ameshapiga hesabu ya kiasi kitakachosagwa njiani. Ukikiongeza kasi kimeng'enya hicho, dawa inaisha kabla haijafanya kazi. Ukikizuia, dawa inajaa kwenye damu kana kwamba umemeza vidonge vinne.

Kuna mmea wa maua ya njano uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya sonona. Nautaja makusudi kwa sababu si porojo: majaribio mengi yameonyesha unasaidia sonona ya kiwango cha chini na cha kati. Tatizo lake ni kwamba unafanya kazi, na mojawapo ya kazi zake ni kuuamuru mwili utengeneze CYP3A4 kwa wingi. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza ghafla kuikataa mioyo hiyo. Dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo walikuwa wanameza kama walivyoelekezwa, lakini kiwango chake kwenye damu kilikuwa kimeporomoka. Wote wawili walikuwa wameanza kutumia Hypericum wiki chache kabla. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba mmea huo ulipunguza kwa asilimia 57 kiasi cha indinaviri, mojawapo ya dawa za VVU za wakati ule, kwenye damu ya watu wenye afya waliojitolea. Dawa za kuzuia damu kuganda na vidonge vya uzazi wa mpango navyo huguswa hivyohivyo.

Upande wa pili wa mizani uligunduliwa kwa bahati. Watafiti wa Kanada walikuwa wanachunguza jinsi pombe inavyochangamana na felodipini, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, waliichanganya na juisi ya balungi. Viwango vya dawa vikapanda kuliko ilivyotarajiwa, hata kwa wale ambao juisi yao haikuwa na pombe. Mwaka 1989 wakaripoti: mkosaji alikuwa balungi. Lina kemikali zinazokilemaza CYP3A4 kwenye ukuta wa utumbo, na kwa kuwa mwili hulazimika kutengeneza kingine kipya, athari ya glasi moja inaweza kuvuka siku nzima. Ndiyo sababu kuambiwa "meza dawa asubuhi, kunywa juisi jioni" hakusaidii.

Mwingiliano mwingine ni wa papo kwa papo. Madini ya chuma na kalsiamu hushikamana na baadhi ya dawa tumboni, yakatoka nazo bila kufyonzwa; ya tezi ya shingo ni mojawapo, na hushauriwa kuachanisha kwa saa nne. Kuna hata mwingiliano ambao haumgusi mgonjwa bali karatasi ya majibu: biotini, vitamini ya kukuza nywele na kucha, inaweza kuvuruga mashine za maabara. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba inaweza kuficha ishara ya mshtuko wa moyo kwenye kipimo cha damu, na vipimo vya tezi navyo vimo kwenye orodha ya vinavyodanganywa. Na anayesubiri upasuaji anapaswa kumtajia mtaalamu wa usingizi kila alicho nacho, kwa sababu ginko, vidonge vya kitunguu saumu na vinginevyo vinaweza kuongeza kutokwa na damu mezani.

Kujisikia na kupona

Swali linalobaki ni gumu zaidi: mbona watu wanasema zinawasaidia?

Mwaka 2011 kulichapishwa jaribio dogo la Boston ambalo mimi huliona zuri kuliko mengi makubwa. Wagonjwa 39 wa pumu walipitishwa, kwa zamu, kwenye hali nne: inhela yenye salbutamoli, inhela isiyo na dawa, akupancha ya kuigiza ambayo sindano haichomi, na siku ya kukaa tu bila chochote. Kila mara walipimwa kwa njia mbili. Walipuliza kwenye mashine, na wakaulizwa wanajisikiaje.

Mashine ilisema hivi: salbutamoli iliongeza hewa inayotoka kwa asilimia 20, tatu zilizobaki, asilimia 7 kila moja. Inhela tupu haikuwa tofauti na kukaa bure.

Midomo ya wagonjwa ilisema vingine. Kwa salbutamoli walijisikia nafuu kwa asilimia 50, kwa inhela tupu 45, kwa sindano za kuigiza 46, na kwa kukaa tu 21.

Hawakuwa waongo. Nafuu waliyoihisi ilikuwa ya kweli. Mapafu yao yalikuwa yamebana vilevile. Ukiielewa siku ile ya Boston umeelewa karibu mjadala mzima. Kuna matatizo ambayo kuyahisi *ndiyo* tatizo lenyewe kwa sehemu kubwa: maumivu ya muda mrefu, wasiwasi, kichefuchefu, kukosa usingizi. Hapo tiba inayobadilisha hisia imefanya kazi halali. Na kuna maradhi ambayo hayamuulizi mtu anajisikiaje. Sukari hupanda kimyakimya, presha hupasua mshipa wa mtu aliyeamka mzima, na pumu iliyotulizwa kwa maneno inaweza kuua usiku.

Kwa kundi la kwanza, ushahidi umeongezeka hata madaktari wenyewe wamebadilika. Ujerumani ilifanya jaribio kwa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, likachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliopata akupancha kamili walikuwa wamepata nafuu. Kati ya waliochomwa juujuu, mahali pasipo pointi za akupancha, asilimia 44.2. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi, 27.4. Mpenzi wa akupancha ataisoma takwimu ya kwanza na ya tatu. Mpinzani ataisoma ya kwanza na ya pili. Wote wana sababu. Kwamba sindano zilisaidia ni kweli, na kwamba mahali zilipochomwa hapakuwa na uzito nako kunaonekana hapohapo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaotaka maumivu ya mgongo yaanze kushughulikiwa bila dawa: joto, masaji, akupancha, mazoezi, yoga, tai chi. Vidonge baadaye.

Homeopathi sitaizungumzia sana. Dozi iliyoandikwa 30C imezimuliwa moja kwa mia, mara thelathini. Kufikia mara ya kumi na mbili uwezekano wa kubakia na hata molekuli moja ya dawa umeshakuwa mdogo. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia ushahidi na mwaka 2015 likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao homeopathi imethibitika kuutibu. Na kwa wale wanaosema wanahisi nishati ya mwili kwa viganja, kuna binti wa Marekani, Emily Rosa, aliyewapima akiwa na miaka tisa kwa ajili ya mradi wa shule. Wataalamu 21 walipitisha mikono chini ya pazia, yeye akaweka wake juu ya mmoja, wakaulizwa: upi? Kati ya majaribio 280 walipatia asilimia 44. Sarafu ingewashinda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika mojawapo ya majarida makubwa ya udaktari.

Ushuhuda nao una mtego wake. Maradhi mengi hupanda na kushuka, na mtu hutafuta tiba siku yamepanda kuliko zote. Wiki inayofuata yangeshuka hata kama angekunywa maji. Isitoshe, waliokufa hawatoi ushuhuda. Sayansi pia hujidanganya vivyohivyo isipojipima: mwaka 1994 Wafini walichapisha matokeo ya jaribio la kuwapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, kirutubisho kinachopatikana kwenye karoti, wakitarajia kuwakinga na saratani ya mapafu. Washiriki walikuwa 29,133. Waliomeza vidonge hivyo walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Bila kundi la kulinganisha, leo tungekuwa na maelfu ya wazee wanaosema viliwasaidia.

Namna ya kuuliza

Kimya cha chumba cha daktari kina wenyewe wawili. Mgonjwa anaogopa kugombezwa, na mara nyingi ana sababu. Akigombezwa mara moja, hatasema mara ya pili, wala hataacha kunywa. Huku nyuma mtoa tiba wa upande wa pili anampa saa nzima, anamshika mkono, anamuuliza analala vipi. Wapo madaktari wanaoudharau ule muda kana kwamba nao ni ulaghai. Mimi naona ndio sehemu ya tiba ile isiyohitaji jaribio lolote.

Ila mganga, mkandaji au muuza virutubisho naye anapimika, tena kwa masikio tu. Akikuambia uache dawa za hospitali kwanza ndipo yake ifanye kazi, hiyo tayari ni "badala ya" hata kama hajaiita hivyo. Chupa yake ikitibu kisukari, ugumba, saratani na mgongo, uliza imewezaje. Akikataa kutaja kilichomo, figo zako ndizo zitakazokuja kukitaja. La hatari kuliko yote ni pale anapokutayarisha mapema kwamba ukizidiwa usiogope, ni sumu inatoka. Maneno hayo yameshamfungia mgonjwa njia ya kurudi.

Daktari kwa upande wake anaweza kubadili swali tu.

"Mama, tuachane na dawa. Niambie kila unachokunywa, unachomeza na unachopaka kwa wiki nzima, hata kama ni majani."

Mama anafungua mkoba, anavipanga mezani kimoja kimoja. Daktari anaanza na kichupa cha mafuta, anasoma, anakirudisha mkononi mwake: hiki endelea nacho. Pakiti ya majani anaipiga picha ili aiulizie kwa mfamasia. Kopo la vitamini analigeuza, anafuata maandishi madogo kwa ncha ya kalamu. Madini ya chuma. Kalsiamu. Biotini, tena nyingi.

"Hivi unavimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, pamoja na ile ya tezi. Ili nisisahau."

Daktari anaandika: vya kopo visubiri hadi kipimo kingine kichukuliwe, na vikirudi, viwe vya usiku. Imebaki chupa ya kahawia. Haina kibandiko. Anaifungua, anainusa, anaifunga.

"Hiyo ndiyo inayonisaidia kuliko zote," mama anasema, sauti imeshuka.

Daktari anavuta kiti karibu. "Inakusaidia nini?"